Matembezi ya Jamaa katika Msitu wa Karura

Upande wa kaskazini wa mji wa Nairobi upo Msitu wa Karura, wenye eneo la hekta 1,041 hivi. Langoni hutozwa ada. Njia zake si ngumu. Hata wazee na watoto wadogo waweza kuzifuata polepole, wakatazame ziwa dogo la mayungiyungi, maporomoko ya maji na mapango.

Lakini kivuli hicho hakikupatikana bure. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenziwe walipigwa na walinzi walipokwenda kupanda miti, wakipinga msitu kugawiwa watu wajenge majumba. Basi, msomaji, uwapelekapo wanao huko, waeleze habari hiyo; wala msivunje hata tawi, ili wajukuu nao wapate pa kutembea.