Mpiga video juu ya bodaboda: kamera imetulia, je mwili?

Jumamosi ya harusi, kaa kando ya barabara inayoshuka kutoka Nkoaranga kwenda barabara kuu ya Arusha–Moshi, utauona msafara. Matarumbeta juu ya pikapu, gari la maharusi limepambwa maua, na mbele yao kijana amepanda bodaboda kinyumenyume, kamera mkononi. Siku hizi kamera hiyo imefungwa kwenye gimbali, ule mkono wenye mota ndogo unaotuliza picha hata barabara ikiwa na mashimo. Picha zake ni nzuri, hatubishi. Ila, ndugu msikilizaji, kamera kutulia hakumaanishi kwamba anayeishika yuko salama.

Ndani ya gimbali mna vihisi vinavyopima mlalo wa kamera mara nyingi sana kwa sekunde moja. Kamera ikilala kushoto, mota inairudisha kulia kabla jicho halijagundua. Lakini mruko wa juu na chini gimbali haiuondoi vizuri. Huo humezwa na magoti ya mtu anayetembea, na aliyekaa kwenye pikipiki magoti yake hayana kazi. Ndiyo maana tuta moja linaonekana kwenye video hata kama gimbali ni ya bei mbaya.

Ujuzi huohuo wa vihisi na mota ndio unaoendesha Segway, kigari cha magurudumu mawili yaliyo sambamba ambacho mtu husimama juu yake. Kilizinduliwa Marekani Desemba 2001 na mvumbuzi Dean Kamen. Ukiinama mbele kinakwenda mbele, ukiegemea nyuma kinapunguza mwendo, kwa sababu magurudumu yanakimbilia kule uzito wako unakoelekea kuanguka. Wapiga picha wa televisheni walikipenda kwa ulaini wake. Shida ni kwamba hapo mwili ndio usukani: ukijinyoosha kutafuta picha nzuri, umekiamuru chombo bila kujua. Na gurudumu likikwama, mota haina tena namna ya kukuwahi.

Dunia iliona hilo Beijing tarehe 27 Agosti 2015, kwenye mashindano ya dunia ya riadha, yaleyale ambayo majirani zetu Kenya waliongoza kwa medali 7 za dhahabu. Usain Bolt alikuwa ameshinda mita 200 kwa sekunde 19.55 na anasalimia mashabiki. Mpiga picha aliyekuwa akimfuata kwa Segway aligonga reli ya kamera kando ya njia, akapoteza mizani na kumwangusha Bolt kwa nyuma. Kwa bahati wote wawili waliinuka. Na pale palikuwa uwanjani, tambarare, hakuna shimo wala ng'ombe anayevuka.

Sasa turudi kwetu. Pikipiki ikienda kilomita 40 kwa saa, inapita takriban mita 11 kila sekunde. Ukitazama kioo cha kamera kwa sekunde 3, mita 33 zimepita. Aliyekaa kinyumenyume haoni tuta wala daladala inayokuja. Dereva naye, akitaka kujua maharusi wamefika wapi, anageuza shingo. Hapo kuna watu wawili kwenye chombo kimoja na hakuna anayetazama mbele.

Kama ni lazima pikipiki itumike, dereva atazame mbele tu, na neno lake ndilo la mwisho. Wote wavae helmeti. Mwendo usizidi kilomita 15 kwa saa. Video ikionekana ya polepole, huongezwa kasi wakati wa kuhariri. Matarumbeta yanafunika sauti, kwa hiyo kubalianeni ishara ya kugusana: kiwiko kimoja mgongoni maana yake tuta, viwili maana yake tunasimama. Lenzi pana huficha mtikisiko kuliko kuvuta picha ya mbali. Mkanda wa kamera usizungushwe shingoni wala kufungwa kwenye pikipiki. Ukianguka, iachie kamera, mikono iokoe kichwa.

Wakati wa masika udongo wetu wa mlimani huteleza kama sabuni. Siku hiyo pikipiki ipumzike. Simama kwenye kona na stendi yako, msafara ukupite. Mara nyingi ndiyo picha ambayo familia huirudia kuitazama. Na msafara ukishafika barabara kuu, penye mabasi na malori, sisi tunasema pikipiki ya kupigia video isiingie kabisa. Mpiga video akae kiti cha nyuma cha gari linalotangulia, mkanda umefungwa, apige kupitia kioo cha nyuma kilichofutwa vizuri. Kamati ya harusi imtengee nafasi hiyo mapema, kabla gari halijajaa mashangazi.