Joto la Dunia na Kuni za Jikoni Kwetu

Twaulizwa mara kwa mara, barazani na hata penye mizani tunapopeleka karafuu, ya kuwa hili joto la dunia linalotajwa kila siku katika redio latuhusu nini sisi wenye mashamba, na mtu mwenye nyumba moja na kuku zake aweza kufanya nini juu yake. Swali hili ni la haki, na tumeona vyema tulijibu kwa kirefu kidogo.

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Makaa ya mawe, mafuta na gesi, vitu vilivyokaa chini ya ardhi tangu zama za kale, vinachomwa katika viwanda, motokari, ndege na mitambo ya umeme. Vikichomwa hutoa hewa ukaa, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hudumu angani miaka mingi sana ikizuia joto la nchi lisitoke, kama shuka nzito inavyozuia joto la mtu aliyelala. Kabla ya viwanda kuenea, katika kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwamo sehemu kama 280 za hewa ukaa. Leo zimepita 420. Mwaka 2024 ulikuwa na joto kupita miaka yote iliyopimwa kabla yake, nao ulizidi wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900 kwa kadiri ya digrii moja na nusu.

Digrii moja na nusu yaonekana kitu kidogo. Lakini kila mwanachama ajua tabia za mkarafuu: wataka mvua, na wataka pia muda wa ukavu ili utoe matumba. Mvua ikikosea nyakati zake, matumba huwa haba; ikinyesha wakati wa kuchuma, karafuu hazianikiki, huvunda katika majamvi, rangi ikapauka na daraja ikashuka. Si kwamba kila balaa la hewa ni la joto hili. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika, na wakati huo hapakuwa na mtu aliyesikia habari za joto la dunia. Lakini hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, basi mvua ikija huja kwa kishindo. Na bahari yenye joto huvimba, na barafu za mbali nazo huyeyukia humo. Wenzetu wa Kisiwa Panza wameyaona maji ya chumvi yakiingia mashambani mwao, nao wamepanda mikoko ili kuyazuia.

Sasa tuseme kweli. Kosa kubwa si la mpishi wa Wete au Mkoani. Hewa ukaa nyingi imetoka katika nchi za viwanda, na lau sote tungezima mafiga yetu kesho, dunia isingehisi tofauti. Anayemwambia maskini kuwa yeye ndiye aliyeichoma dunia hasemi haki. Hata hivyo yapo mambo mikononi mwetu, na la kwanza ni moto wa chungu, kwa kuwa moto huo ndio unaokula miti inayokinga mashamba yetu sisi wenyewe.

Tazameni hesabu yake. Kuni zilizokauka, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Ukichoma kilo moja, hutoka zaidi ya kilo moja na nusu ya hewa ukaa. Watu hushangaa moshi kuwa mzito kuliko kuni. Sababu yake ni kwamba kaboni hiyo hujiunga na oksijeni iliyo hewani, na uzito wa oksijeni ukaongezeka humo. Mti mpya ukipandwa mahali pa ule uliokatwa, utakapokua utairudisha hewa ile ndani ya gogo lake. Usipopandwa, hewa hubaki juu, na chini hubaki jua kali na upepo usio na kizuizi. Makaa ni mabaya zaidi. Katika tanuu la udongo, kilo moja ya makaa hula kuni kilo sita hata kumi, na sehemu kubwa ya moto hupotea msituni kabla gunia halijafika jikoni.

Basi mwenye nyumba afanye nini? Kuni azipasue, na azihifadhi chini ya upenu mpaka zikauke kweli. Kuni mbichi hutumia moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake zenyewe, na mpishi akapata moshi tu. Chungu kifunikwe. Maharage, mbaazi na kunde zirowekwe tangu usiku. Mafiga matatu yaliyo wazi huacha sehemu kubwa mno ya joto ipotee pembeni. Jiko la udongo lenye kuta, linalokumbatia chungu, hupunguza sana kuni, na udongo wake hauna bei. Vifuu, makumbi na makuti ndiyo yachomwe kwanza, maana mnazi hutoa vitu hivyo bila ya kukatwa. Makonyo yasichomwe, hayo yana mnunuzi, yatoa mafuta.

Mabibi ndio wabebao kuni na wavutao moshi, na mabwana mara nyingi ndio washikao fedha ya jiko. Yafaa shauri hili lizungumzwe na wote wawili, wala lisiachwe jikoni peke yake.

Mwenye uwezo wa gesi na aitumie. Ni kweli nayo yatoka ardhini, lakini ni nafuu kuliko makaa ya miti isiyopandwa tena. Umeme pia wafaa kwa chungu kinachofungwa kikapika kwa mvuke: Pemba yapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na tangu 2024 maji ya Rufiji, katika Bwawa la Julius Nyerere, yanazalisha sehemu ya umeme wa Bara. Serikali ya Muungano imekusudia kuwa ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakitumia nishati safi ya kupikia. Lakini mtungi wa gesi una bei yake, na wengi wetu tutakuwa na kuni bado kwa muda.

Kwa hiyo kuni nazo zipandwe. Mpakani mwa shamba pandeni mivinje au mijohoro, ikatwe kwa zamu na kupandwa tena. Mkarafuu usiguswe, kuukata bila ya ruhusa ni kosa kwa sheria, na mche wa leo hautazaa mpaka baada ya miaka sita au zaidi. Penye mkarafuu uliokufa tieni mche mpya masika yakianza, chini ya kivuli cha migomba, na majani makavu yaachwe shinani mwake yatunze unyevu, yasichomwe moto. Takataka za jikoni ziwe samadi, zipinduliwe mara kwa mara zipate hewa, maana zikioza zimeshindiliwa hutoa gesi nyingine inayozidisha joto.

Tunaomba jambo moja. Mizani ya karafuu mara nyingi hulala bure baada ya msimu. Pimeni kuni za wiki moja kwa mapishi ya kawaida, kisha za wiki moja kwa kuni kavu, chungu kilichofunikwa na jiko lenye kuta. Tuleteeni hesabu hizo mbili pamoja na idadi ya walaji nyumbani, nasi tutazichapa humu.