Amplifaya ya valvu: sanduku kuukuu lenye sauti isiyozeeka

Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hunijia kichwani kila nipitapo penye maduka ya vyuma chakavu jijini Nairobi na kuona masanduku ya mbao yenye vitambaa vilivyochanika, yakingoja kuvunjwa ili shaba iliyomo iuzwe kwa kilo. Mengi ya masanduku hayo ni redio za zamani. Lakini mara moja moja huwamo pia amplifaya za gitaa, zile zilizotumia valvu za kioo kabla ya transista kuenea kila mahali.

Vijana wengi wanaorekodi muziki majumbani siku hizi hawajapata kuiona amplifaya ya namna hiyo. Wao huchomeka gitaa katika kompyuta, wakachagua katika programu picha ya amplifaya wanayoitaka, na sauti ikatoka. Sina ugomvi nao, maana njia hiyo ni rahisi na haiwasumbui majirani. Hata hivyo, baada ya kukaa miezi kadhaa na chombo chenyewe katika sebule yangu, nimeona kwamba yako mambo ambayo hayajulikani mpaka sanduku lenyewe liwashwe.

Chombo ninachokisema ni Vox AC15. Kilibuniwa na Dick Denney na kutengenezwa na kampuni ya Tom Jennings mjini Dartford, Uingereza, kikaanza kuuzwa mwaka wa 1958. Kina nguvu ya wati 15 tu na spika moja ya inchi 12. Wanamuziki wa bendi ya The Shadows walikitumia, na mayowe ya mashabiki yalipozidi kuwa makubwa wakataka chenye nguvu mara mbili. Ndipo ikaja AC30, ambayo sifa zake zilienea duniani kote. Lakini kwa mtu wa kurekodi nyumbani, wati 15 zatosha na kusaza.

Moto ndani ya kioo

Valvu hufanya kazi kwa joto. Ndani ya kioo mna kijiti kinachopashwa moto mpaka kitoe chembe za umeme. Chembe hizo huvutwa na bamba lililo upande wa pili, na katikati yake pana wavu mdogo. Umeme hafifu utokao katika gitaa huingia kwenye wavu huo, ukawa kama bawabu wa lango: ukiongezeka, chembe nyingi hupita, ukipungua, hupita chache. Kwa njia hiyo mguso mdogo wa uzi hugeuka kuwa nguvu ya kutikisa spika.

Transista nayo hufanya kazi hiyo, tena bila joto kubwa. Tofauti husikika zaidi chombo kinapolazimishwa kupita uwezo wake. Transista nyingi zikifika kikomo huikata sauti ghafla, kama panga. Valvu huanza kuibana pole pole kabla ya kikomo, na sauti hupata ukali kidogo bila kuumiza masikio. Isitoshe, katika amplifaya hii umeme wa ndani hupitia valvu nyingine iitwayo EZ81. Mpigaji akigonga nyuzi kwa nguvu, umeme huo hulegea kidogo kisha hurudi. Mkono hulihisi jambo hilo, kana kwamba chombo kinavuta pumzi.

Kabla ya kuiwasha niliipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza redio za valvu tangu ujana wake. Hapa nataka msomaji anisikilize vizuri. Ndani ya sanduku la namna hii mna umeme wa zaidi ya volti 300, na kapasita zake zaweza kuuweka umeme huo hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Mzee alinionyesha kwa kidole bila kugusa, akasema, "Kijana wangu, umeme wa humu haulali hata taa ikizimwa." Mtu asiyejua kazi hiyo asifungue sanduku kamwe.

Mzee alibadilisha kapasita zilizochoka, akatia waya wa ardhi pamoja na plagi ya pini tatu, kisha akahakikisha kwamba chombo kimepangwa kupokea volti 240 za hapa kwetu. Akaniusia pia nisiwashe amplifaya wakati spika imechomolewa, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti yaweza kuungua, na kupata nyingine kama hiyo si kazi ndogo.

Majaribio ya sebuleni

Jambo la kwanza nililolichunguza ni mvumo. Kapasita za zamani zilikuwa zimeacha umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde uingie katika muziki, ukavuma kama mzinga wa nyuki. Zilipobadilishwa mvumo ulipungua sana. Uliobaki ulitoka katika gitaa lenyewe, ambalo hunasa umeme wa transfoma na wa taa za mirija. Dawa yake haina gharama: nilizima taa hizo, nikakaa mbali kidogo na amplifaya, nikaligeuza gitaa pole pole mpaka mvumo ukafifia.

Kisha nikaanza kazi ya maikrofoni. Nilitumia moja tu ya kawaida, ya aina waishikayo waimbaji jukwaani. Nilipoiweka karibu sana na kitambaa, ikielekea katikati ya spika, sauti ilitoka kali, yenye kukwaruza. Nilipoisogeza pembeni kwa upana wa vidole vinne, ukali ulipungua na sauti ikawa nene. Nilipoirudisha nyuma hatua moja, chumba chote kiliingia katika rekodi: ukuta wa mawe, sakafu ya saruji, hata saa ya ukutani. Nikatundika mablanketi mawili na kusimamisha godoro nyuma ya kiti, mwangwi ukatulia. Kuinua amplifaya kutoka sakafuni na kuiweka juu ya kiti kulipunguza sauti za chini zilizokuwa zikivimba.

Nilijaribu pia maikrofoni mbili, moja karibu na nyingine nyuma yake kwa sentimita 34 hivi. Sauti ilitoka nyembamba, kana kwamba gitaa limefungiwa ndani ya debe. Sababu yake ni hii: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo maikrofoni ya nyuma huisikia ikiwa imechelewa kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kuchelewa huko kwatosha kuzifanya baadhi ya sauti zipingane na kuuana. Nilipoiacha maikrofoni ya karibu peke yake, gitaa lilirudi na mwili wake.

Hata sanduku lina tabia zake. Valvu yake moja, EF86, hutetemeka pamoja na mbao, na mtetemo huo huweza kuingia katika muziki kama kengele ndogo. Kwa kurekodi nilipunguza sauti kidogo, kengele ikanyamaza. Jirani yangu aliyekuwa akigonga ukuta naye akanyamaza.

Mkono wa mzee

Majaribio haya yangekuwa mchezo tu kama si mzee mmoja wa kutoka Siaya, ambaye miaka ya 1970 alipiga gitaa la solo katika vilabu vya usiku. Vidole vyake vimeanza kukauka kwa ugonjwa wa viungo. Anazo nyimbo ambazo hazikupata kutiwa katika santuri, na kila mwezi upitao vidole huwa vigumu zaidi. Nilitaka kumrekodi kabla muziki huo haujamfia mkononi.

Tulianza kwa kompyuta. Alipiga kwa adabu, akasikiliza, akasema, "Ni nzuri, lakini hainijibu." Tukahamia kwenye AC15. Aliposubiri valvu zipate moto, akatabasamu kwa harufu ya vumbi lililopashwa. Akapunguza nguvu mpaka sauti ikawa safi kabisa, akaanza kuchomoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada. Alipogusa pole, sauti ilikuwa laini kama maji, alipogonga, iliuma. Akanieleza kwamba benga imechukua mengi kutoka katika nyatiti, kinanda cha Waluo chenye nyuzi nane, na kwamba gitaa la solo lazima limjibu mwimbaji kama mtu anayejibu salamu. Kwa hiyo chombo kinachofanya kila mguso ulingane hakimfai.

Tulirekodi nyimbo nne alasiri ile, kisha vidole vikakataa. Mbili kati yake hazikuwa zimerekodiwa popote. Nilipozisikiliza usiku nilitambua pia jambo lisilowapendeza wanaoabudu vyombo: hata katika ile rekodi ya kompyuta, mkono ulikuwa wake. Chombo hakikuuleta muziki ule. Kilichofanya ni kumfungulia njia mwenye nao ili aupige bila kupigana nacho.

Muziki wetu wa gitaa ulijengwa na mikono ya namna hiyo. Fundi Konde alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini kupiga gitaa la umeme. Miaka ya 1960 Fadhili William na Daudi Kabaka walirekodi katika studio ya Equator Sound hapa Nairobi, na mwaka wa 1968 bendi ya Kiingereza ya The Tremeloes iliuchukua wimbo wa Kabaka, Helule Helule, ikauimba kwao. D. O. Misiani na Shirati Jazz waliisambaza benga mpaka alipofariki mwaka wa 2006. Leo anayetaka kuusikia muziki mwingi wa siku hizo hana budi kutafuta santuri zilizokwaruzika.

Kwa hiyo nawaomba wenye masanduku hayo wasiyauze kwa kilo kabla ya kumwonyesha fundi. Nawaomba vijana wa ufundi wa umeme wakae karibu na wazee wanaojua valvu, kwa kuwa ujuzi huo haupatikani kwa kutazama tu. Na mwenye mzazi au jirani aliyewahi kupiga gitaa asingoje mpaka apate AC15. Simu iliyo mfukoni, blanketi ukutani na chumba chenye utulivu vyatosha kuanza navyo. Sanduku la mbao laweza kungoja miaka mingine kumi likatengenezwa, lakini vidole havingoji.