Moshi ya Mlimani na Moshi ya Uwandani

Mtu alitajapo jina la Moshi, wengi huwaza mji ulio uwandani, chini ya mlima Kilimanjaro. Wako hata wanaodhani kwamba mji huo uliitwa hivyo kwa sababu ya moshi wa gari la reli. Sivyo. Jina hilo ni la kale kuliko reli, wala halikuzaliwa uwandani. Zamani Moshi ilikuwa nchi ndogo ya Wachaga huko juu mlimani, na mahali penye mji sasa palikuwa pori.

Watu wa Moshi ya kale walikaa juu ya mgongo wa mlima, kati ya makorongo marefu. Kila ukoo ulikuwa na vihamba vyake, yaani mashamba ya migomba yaliyozunguka nyumba. Mvua peke yake haikutosha. Kwa hiyo waliziba mto kule juu kwa mawe, udongo na magogo ya migomba, wakayaongoza maji kwa mfereji uitwao mfongo. Mfongo ulipita ubavuni mwa mlima, ukishuka kidogo kidogo, hata ukafika vihambani. Wenye mfongo waligawana maji kwa zamu, na mtu asiyefika siku ya kuutengeneza alitozwa faini.

Mtawala wa nchi aliitwa Mangi. Moshi, Kibosho, Machame, Kilema na Marangu, kila moja ilikuwa na Mangi wake, nao walipigana vita mara nyingi na kunyang'anyana ng'ombe. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipanda mlimani kununua pembe za ndovu, ikaleta nguo, shanga na bunduki. Basi Mangi aliyewapata wageni ndiye aliyepata nguvu.

Rindi, Mangi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, alilifahamu sana jambo hilo. Nchi yake haikuwa kubwa, lakini alikuwa mwerevu. Mwaka 1871 alimpokea Charles New, msafiri kutoka Uingereza. Mwaka 1885 akafanya mkataba na Wajerumani. Adui yake mkubwa alikuwa Sina, Mangi wa Kibosho. Na mwaka 1891 Wajerumani walikwenda kumpiga Sina, watu wa Moshi wakiwa pamoja nao. Mwaka huo huo Rindi akafa, na Meli mwanawe akatawala.

Lakini rafiki aliyekuja na bunduki hakutaka kukaa kama mgeni. Alitaka kuwa bwana. Mwezi wa Juni 1892 askari wa Wajerumani walitoka Marangu ili kumpiga Meli. Watu wa Moshi wakawashinda, na mkuu wao, von Bülow, akafa. Agosti 1893 Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi, wakaishinda Moshi, wakajenga boma lao huko huko mlimani. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa pamoja na wakuu wengine, akiwamo Molelia wa Kibosho, kwa kushitakiwa kwamba walifanya shauri la kuwaasi Wajerumani.

Miaka kumi na mmoja baadaye reli iliyotoka Tanga ikafika chini ya mlima. Garimoshi haliwezi kupanda makorongo kama msafara wa watu. Kwa hiyo reli ilikoma uwandani, na stesheni ikapewa jina la nchi iliyokuwa juu yake. Maduka yakaizunguka stesheni, na baadaye serikali nayo ikashuka. Zamani wafanya biashara walipanda kwa Mangi. Sasa watu wa mlimani ndio walioshuka sokoni. Hivyo jina likafuata biashara, na mahali lilipozaliwa pakaitwa Old Moshi, yaani Moshi ya Kale.

Basi mji ulipata jina lake kwa nchi ya mlimani, wala si kwa moshi wa gari. Huko juu vihamba vingali viko kati ya makorongo, na mifongo mingine ingali ikipeleka maji kwenye migomba, kama ilivyofanya kabla ya bunduki na reli kufika.