Unguja Inanyeshewa, Oman Inahifadhi

Kisiwa cha Unguja hupata wastani wa takriban milimita 1,600 za mvua kwa mwaka, nyingi katika masika na nyengine katika vuli. Oman, nchi tuliyofungamana nayo kwa damu na biashara tangu enzi za mababu, hupata wastani wa takriban milimita 100 tu. Kwa hesabu hiyo, Mzanzibari hapaswi kuhangaikia maji. Hata hivyo, wakaazi wengi wa Mkoa wa Mjini Magharibi wanayajua maji ya mgao, mabomba makavu na madumu yaliyopangwa foleni. Mvua ni neema, lakini huwa rasilimali pale tu watu wanapoipokea, wakaihifadhi na kuigawana kwa utaratibu.

Waomani walilazimika kuujifunza utaratibu huo mapema. Karne nyingi zilizopita walichimba falaji, mifereji inayoanzia chini ya ardhi karibu na milima na kuteremka kwa mwinamo mdogo mpaka vijijini na kwenye mashamba ya mitende, bila pampu. Takriban falaji 3,000 zingali zinatumika, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika Urithi wa Dunia, ikiwamo Falaj Daris ya Nizwa. Kilichozidumisha ni ugavi: kila mwenye hisa ana zamu yake, iliyopimwa kwa jua mchana na kwa nyota usiku. Karibu na Muscat, bwawa la Al Khoud, lililojengwa mwaka 1985, huzuia mafuriko ili maji yapate kuzama ardhini badala ya kupotelea baharini.

Unguja nayo imejaaliwa ghala lake la maji chini ya ardhi. Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka Mji Mkongwe, na hadi leo Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, inategemea visima na chemchemi. Lakini ghala hilo lina mpaka wake. Maji matamu yamekaa juu ya maji ya bahari, na tukiyavuta kupita kiasi chumvi hupanda. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ni maweni, yaani ardhi ya mawe, ambako mvua hupenya upesi na uchafu wa vyoo huweza kuifuata. Mjini nako, kila kiwanja kinachofunikwa kwa saruji huizuia mvua kuzama. Ndiyo maana masika hiyohiyo inayofurika mitaa kama Mwanakwerekwe haituachii akiba inayolingana na wingi wake.

Akiba nyingine iko juu ya nyumba zetu: tazama paa moja la mita za mraba 100. Kwa mvua ya milimita 1,600 linapokea lita 160,000 kwa mwaka. Tukitoa robo kwa upotevu, zinabaki lita 120,000. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku, inahitaji lita 109,500 kwa mwaka. Paa kama hilo huko Oman lingepokea lita 10,000 tu.

Wako watakaosema kuwa Oman ina fedha za mafuta na mitambo ya kusafisha maji ya bahari. Ni kweli, lakini falaji zilichimbwa kwa mikono karne nyingi kabla ya mafuta kupatikana. Wengine watasema kuwa mvua zetu huja kwa misimu, na tangi la kuvukia kiangazi chote ni ghali kwa mwananchi wa kawaida. Hoja hii ina uzito, na kwa sababu hiyo mzigo uanzie kwenye mapaa makubwa: hoteli, skuli, misikiti, masoko na majengo ya serikali. Kwa nyumba ya kawaida, hata tangi dogo litapunguza wiki kadhaa za kutegemea kisima. Wanaohofia uchafu na mbu nao wana jibu: maji ya kwanza yamwagwe, tangi lifunikwe barabara, na ya kunywa yachemshwe.

Bermuda, visiwa vya mawe ya chokaa vyenye mvua pungufu ya yetu, inazilazimisha nyumba kwa sheria kuvuna maji ya paa. Zanzibar nayo inaweza. Baraza la Wawakilishi liweke sharti kwamba kila jengo kubwa jipya liwe na michirizi na tangi, na ardhi inayolisha chemchemi zetu ilindwe isijengwe. Nawe mwenye nyumba, ukiezeka paa jipya, liwekee mchirizi kabla masika haijaingia.