Sehemu muhimu, sehemu nyeti au sehemu ya zamu?

Mwaka 1965 Edsger Dijkstra wa Uholanzi alichapisha ufumbuzi wa tatizo la programu zinazogombea kipande kimoja cha msimbo ambamo mmoja tu anaruhusiwa kuwamo kwa wakati mmoja. Kukiita kipande hicho *sehemu muhimu* kunapotosha: msimbo wote waweza kuwa muhimu. *Sehemu nyeti* nayo katika mazungumzo hutaja viungo vya siri vya mwili. Inayopendekezwa hapa ni *sehemu ya zamu*, kwa kuwa hatari haimo katika msimbo wenyewe bali katika kuingiliwa mwenye zamu kabla hajamaliza.

Ufafanuzi kwa mfano

Chukulia steshenari ya Mabatini, Mwanza, yenye kompyuta na printa. *Kiendeshi*, yaani programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuwasiliana na kifaa, hutunza hesabu ya vipande vya data vinavyosubiri kuchapwa. Kuongeza kimoja huonekana tendo moja, kumbe ni matatu: kusoma, kujumlisha, kuandika.

Hesabu ni 5. Kiendeshi kinaongeza kipande. Kinasoma 5, lakini kabla hakijaandika 6, printa inaleta *katizo*, ishara inayoifanya prosesa iache kazi iliyo mkononi na kuishughulikia. Printa imemaliza kipande kimoja, hivyo msimbo wa katizo unasoma 5 na kuandika 4. Kazi ya kwanza inarejea na kuandika 6. Idadi halisi ni 5. Kiendeshi sasa kinaamini kuna kipande ambacho hakipo. Kosa hili hutegemea wakati: leo hutokea, kesho fundi akija halionekani.

Kufuli na kuzuia katizo

Maneno haya yasichanganywe. *Kufuli* (wingi *makufuli*, kutoka Kiarabu *qufl*) humzuia aliye kwenye prosesa nyingine. *Kuzuia katizo* humzuia anayeweza kujitokeza kwenye prosesa ileile. Kufuli peke yake halitoshi: katizo likija kwenye prosesa iliyoshika kufuli, nalo likalitaka kufuli hilohilo, litasubiri bila kikomo, kwani mwenye kulifungua amesimamishwa na katizo lenyewe. Hali hiyo ni *mkwamo*. Ndiyo maana Linux ina amri ya spin_lock_irqsave, inayozuia katizo kwenye prosesa husika na kushika kufuli kwa pamoja.

Mifano ya matumizi

1. *Fupisha sehemu ya zamu. Prosesa nyingine inasubiri.*
2. *Kiendeshi kisilale kikiwa kimeshika kufuli la kuzunguka.* (Kufuli la kuzunguka ni lile ambalo anayelisubiri huendelea kuulizia bila kupumzika.)
3. *Ukizuia katizo, rudisha hali uliyoikuta.*

Tanbihi

Anayejaza ndoo kwenye bomba la mtaa huijua zamu: huanza, humaliza, humwachia mwingine. Mwanafunzi anayesoma *sehemu muhimu* atatafuta msimbo wenye thamani kubwa. Anayesoma *sehemu ya zamu* atauliza nani mwingine anayeigusa hesabu ileile. Swali hilo la pili ndilo linalokinga kiendeshi.