Tunda Alilobakisha Baba

Anayerithi mvinyo mwekundu wa zamani kutoka kwa mzazi wake hurithi kazi ya subira. Chupa husimamishwa wima kwa siku moja au mbili, masimbi yatulie chini. Kizibo kilichochakaa huvutwa taratibu, kisha mvinyo humiminwa polepole hadi masimbi yafike shingoni mwa chupa. Ule wekundu wa ujana umegeuka rangi ya tofali. Tanini, zilizokuwa zikikausha ulimi, zimeungana, nyingine zimezama, na harufu ya matunda imeipisha ile ya majani makavu, ngozi na uyoga. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mvinyo duniani hutengenezwa inywewe ndani ya miaka michache, kwa hiyo si kila chupa kuukuu ni tamu.

Wazee wa Mbeere, nyanda za chini za Embu nchini Kenya, na wenzao wa Tharaka, iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya ya Meru, hawakuwa na ghala la chupa. Kinywaji chao cha heshima, muratina, huiva kwa siku chache na hunywewa mapema, kabla hakijachachuka kupita kiasi. Kinachodumu ni kile kinachokichachusha.

Hicho ni tunda la mwegea, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Kigelia africana. Maua yake hufunguka usiku na kuchavushwa na popo. Matunda yake marefu huning'inia kwa vikonyo virefu, na yakiwa mabichi ni sumu. Mtengenezaji hulipasua tunda, akalichemsha na kulikausha hadi uchungu uishe. Kisha hulitia kwenye asali iliyochanganywa na maji, hamira ikaingia kati ya nyuzi zake, akalianika tena. Kuanzia hapo, kila pombe mpya huanzishwa na tunda lile lile. Lililotumika sana huthaminiwa kuliko jipya, na huweza kupita kutoka kwa baba hadi kwa mwanawe pamoja na vibuyu na mizinga ya magogo.

Asali yenyewe, ikiwa nzito, haichachi: sukari ni nyingi mno na maji ni machache. Ikishaongezwa maji na kuwekwa karibu na meko, hamira huamka. Mapovu hupanda, kibuyu huanza kuvuma kwa ndani.

Anayeonja muratina nzuri hupokewa kwanza na asali puani, kisha harufu ya hamira, na mwisho ukali unaobana pembe za taya. Siku ya pili utamu bado unatawala. Baadaye hupungua kwa sababu sukari imegeuka kileo. Muratina ikiachwa wazi, bakteria hutumia hewa kukigeuza kileo kuwa siki, jambo ambalo Louis Pasteur alilichunguza Ufaransa katika miaka ya 1860. Hapo mvinyo wa Bordeaux na muratina ya Mbeere zina adui mmoja.

Siku hizi wengi hutumia sukari ya dukani badala ya asali. Kileo hupatikana vilevile, lakini harufu ya maua ya migunga, ambayo nyuki waliikusanya katika nyika kavu, haipo, na hata tunda bora la baba haliwezi kuirudisha.